Ghala la Karafuu Lililogeuzwa Maktaba: Uchambuzi wa Kisa cha Kaskazini mwa Pemba

Kisa hiki kinahusu jengo moja la kaskazini mwa Pemba ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ghala la karafuu, likakaa tupu, kisha likakarabatiwa na wananchi wa shehia ili liwe maktaba ya umma yenye karakana ya jamii ndani yake, yaani pahala ambapo mtu yeyote, awe mwanafunzi, mshoni au fundi wa redio, anaweza kuingia akatumia vifaa ambavyo peke yake asingeweza kuvinunua. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi tangu kikao cha kwanza. Sitaitaja shehia wala wahusika, kwa kuwa makosa nitakayoyaeleza yalipitishwa na kamati nzima nami nikiwamo, na ninayaandika kwa sababu najua kuna kamati nyingine, huku Pemba na hata Unguja, ambazo zina jengo la zamani mkononi na ahadi ya mashine kutoka kwa jamaa wa nje.

Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba ikiwa salama zaidi, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichobeba zao hilo. Maghala kama letu ni matokeo ya historia hiyo. Lina vyumba viwili vinavyofuatana, kuta nene za mawe ya tumbawe na chokaa, madirisha madogo yaliyo juu, na mbele yake sakafu pana ya kuanikia karafuu. Namwomba msomaji aikumbuke sakafu hiyo, kwani sisi tuliisahau kwa karibu mwaka mzima, na kusahau huko ndiko kulikotugharimu.

Nianze na kuta. Kazi ya ukarabati alipewa mkandarasi aliyezoea nyumba za matofali ya saruji, naye akafanya kama alivyozoea: akabandua lipu ya zamani iliyokuwa ikimomonyoka, akapiga lipu ya saruji ndani na nje, kisha akapaka rangi ya mafuta. Jengo lilipendeza mno siku ya kukabidhiwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali. Masika ya kwanza yalipoingia, rangi ilianza kutoa malengelenge sehemu ya chini ya kuta, ukatokea unga mweupe wa chumvi, na vitabu vilivyokuwa rafu ya mwisho vikashika koga. Tulidhani paa linavuja. Tukampandisha fundi juu ya mabati mara mbili, naye mara zote mbili akashuka akisema paa ni zima.

Maelezo tuliyapata kwa fundi mzee wa chokaa aliyekuja kutoka upande wa Wete. Ukuta wa tumbawe hunyonya maji kutoka ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta. Ukiwa umepigwa lipu ya chokaa, maji hayo hupanda kidogo, kisha hutoka polepole kupitia vitundu vya lipu na kukaukia hewani, na ukuta hubaki na afya yake. Saruji haipumui kiasi hicho, na rangi ya mafuta haipumui kabisa, kwa hiyo maji yaliyokuwa yakitokea chini hulazimika kupanda juu zaidi yakitafuta njia, yakibeba chumvi iliyomo kwenye mawe, na chumvi hiyo inapokaukia nyuma ya lipu huisukuma mpaka ikabanduka. Mafundi wanaohifadhi nyumba za Mji Mkongwe wanalijua jambo hili kwa miaka mingi, na mimi nasikitika kwamba tulikuwa na bahari moja tu baina yetu na elimu hiyo lakini hatukwenda kuiuliza.

Tulibandua saruji yote ya ndani na ile ya nje hadi kimo cha dirisha. Chokaa iliroweshwa katika shimo kwa majuma kadhaa kabla ya kuchanganywa na mchanga, kwa sababu chokaa iliyoroweshwa haraka hubaki na chembe ambazo hazijaiva, na chembe hizo zikija kuiva ukutani hupasua lipu. Lipu ya chokaa haikauki kama ya saruji. Inakomaa kwa kunyonya hewa ya ukaa, taratibu, na inataka kunyunyiziwa maji na kufunikwa magunia isije ikakaushwa na jua. Vijana waliona ni kupoteza muda. Baada ya hapo kuta zilipakwa chokaa tupu, rafu zikasogezwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma ya vitabu, na rafu ya chini kabisa ikaachwa wazi. Koga haikurudi.

Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi kuliona, maana lilikuja likiwa limevaa sura ya baraka. Jamaa zetu wanaoishi nje walichanga, wakatuletea sanduku la mashine: printa ya 3D, mashine ya kukatia mbao nyembamba na ngozi kwa leza, kompyuta za mkononi, keekee ya umeme na mashine ya kupigia msasa. Barua iliyofuatana na mzigo ilieleza kwamba maktaba za ughaibuni sasa zina vyumba vya namna hii, na ni kweli. Maktaba ya mji mdogo wa Fayetteville, katika jimbo la New York, ilianzisha karakana yake mwaka 2011, na Maktaba ya Umma ya Chicago ikafungua yake mwaka 2013 katika jengo lake kuu. Tulifurahi, na furaha hiyo ilitufanya tuanze na mashine kabla ya kukifikiria chumba. Tuliligawa ghala kwa urahisi wa macho: chumba cha kwanza kiwe cha kusomea, cha pili kiwe karakana, na baina yao, pale palipokuwa na uwazi mpana wa kupitishia magunia, tukaweka kiambaza cha mbao kisichofika juu, ili hewa izunguke.

Hewa ilizunguka, na pamoja nayo moshi. Leza inapokata ubao huuchoma, na kila kinachochomwa hutoa moshi unaotaka kuvutwa kwa bomba na kutolewa nje ya jengo. Sisi tulikuwa na feni na madirisha madogo ya ghala. Siku moja kijana mmoja alitaka kukata kipande cha plastiki ya bomba la maji. Kwa bahati alikuwapo mwalimu wa kemia wa skuli ya jirani, akamzuia, kwani plastiki ya aina hiyo ikichomwa hutoa gesi ya asidi ya klorini inayoumiza mapafu ya watu na kuila mashine yenyewe kwa kutu. Mpaka siku ile hapakuwa na karatasi yoyote ukutani iliyoeleza kipi kikatwe na kipi kisikatwe. Kila nikilikumbuka jambo hili naona ndipo tulipokaribia zaidi kumdhuru mtu, na halikuwa hata katika ajenda ya kikao.

Umeme nao ulikuwa na yake. Pemba ilianza kupata umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka upande wa Tanga mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya Wesha. Nyaya za ghala letu zilikuwa za zama za majenereta, zilizofungwa kwa ajili ya taa chache, na sisi tulizitundikia leza, pampu ya maji ya kuipoza, feni na kompyuta. Kila mashine ya msasa ilipowashwa taa za chumba cha kusomea zilififia, na wakati mwingine zilizimika kabisa. Zaidi ya hayo, mita ya Tukuza, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, ilikuwa moja, hivyo ubao mmoja uliokatwa mchana ulimnyima mwanafunzi mwanga wa kusomea usiku.

Matokeo yake ni kwamba wasomaji walianza kupungua, na ilipofika mwezi wa mtihani wa Kidato cha Nne chumba cha kusomea kilikuwa hakina watu jioni. Maalim mmoja mstaafu, ambaye alikuwa akijitolea kukaa kwenye meza ya maktaba tangu jengo lifunguliwe, alifika kwenye kikao kilichosimamiwa na sheha akasema maneno ambayo sikuyasahau: “Wanangu, mtoto akikosa pahala pa kusomea mwezi wa mtihani harudi tena, hata mkimwekea zulia.” Vijana wa karakana nao walijibu kwa adabu lakini kwa uchungu, wakasema: “Maalim, sisi pia ni watoto wa shehia hii, na hapa ndipo pahala pekee tunapojifunza kazi.” Ikaonekana kana kwamba kamati inatakiwa kuchagua baina ya vitabu na mashine.

Aliyetutoa katika mtego huo ni Bi mmoja wa kikundi cha ukili, ambaye mpaka wakati huo hakuwa amesema neno. Alieleza kwamba amefika karakana mara tatu, na mara zote amekuta watu wamezunguka mashine moja wakiitazama. Yeye ana mikeka inayotaka kushonwa ukingo, na wenziwe wana kofia za kudarizi zinazotaka meza pana na taa nzuri, lakini hakuna cherehani hata moja. “Mkinipa cherehani na taa nitakuja kila siku, tena kimya kimya,” alisema. Sheha akamwuliza angependa akae wapi. Akajibu kwamba angekaa humo humo na wanaosoma, kwani cherehani ya mguu haimsumbui mtu.

Kwa maoni yangu kisa chote kilifunguka katika jibu hilo. Tulikuwa tumeligawa jengo kwa majina ya vitu, vitabu huku na mashine kule, ilhali linalotakiwa kugawanya ni kelele, vumbi, moshi na unyevu. Ushoni na udarizi ni kazi za utulivu na zinataka mwanga, sawa na kusoma. Kutengeneza simu na redio kunataka meza safi na hewa, na kelele yake ni ndogo. Useremala unatoa vumbi linaloingia katika kurasa na katika mapafu. Leza inatoa moshi. Printa ya 3D ina mashaka yake peke yake, kwa sababu uzi wake wa plastiki hunyonya unyevu wa hewa yetu ya pwani, na uzi uliolowa hutatarika ukipita kwenye ncha ya moto na kuacha kitu chenye vishimo. Huo unataka kuhifadhiwa katika ndoo yenye kifuniko imara pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na mashine yenyewe ikae chumba kikavu kuliko vyote, ambacho kwetu ndicho cha vitabu. Wajenzi wa maktaba kuu ya Helsinki, Oodi, iliyofunguliwa Disemba 2018, walilipanga jengo kwa namna inayofanana na fikira hii: ghorofa ya chini ni ya watu kukutana, ya kati ina mashine, cherehani na studio, na vitabu wakavipandisha ghorofa ya juu kabisa. Sisi hatuna ghorofa. Tulichokuwa nacho ni sakafu.

Hapo ndipo mtu mmoja aliponyoosha mkono kuelekea nje, na sote tukageuka kuitazama. Sakafu ile ilikuwa ngumu, imeinama kidogo ili maji yatiririke, na iko upande ambao upepo wa mchana unachukua vumbi kulipeleka mbali na madirisha. Useremala ungeweza kuhamia huko chini ya paa la mabati, leza ikawekwa kwenye kibanda cha ukuta wa matofali pembeni yake na bomba lake likitoa moshi juu ya paa, na chumba cha pili cha ghala kikabaki kwa ushoni, ufundi wa simu na kompyuta, na uwazi wa magunia ukazibwa kwa ukuta kamili wenye mlango mmoja.

Hata hivyo, sakafu ya kuanikia si kiwanja kitupu, na ninashukuru kwamba hatukuharakisha kama tulivyoharakisha katika saruji. Familia kadhaa za jirani zilikuwa zikianika karafuu zao pale kila msimu bila malipo, kwa mazoea yaliyotangulia kuzaliwa kwa wengi wetu, na karafuu hupangiwa daraja kwa ukavu na usafi wake. Kidogo tu cha unga wa mbao kikichanganyika nayo, mwenye mali anapoteza fedha wakati wa kuuza. Kuwanyang'anya pahala hapo ili tuwajengee karakana ya jamii kungekuwa ni kuinyang'anya jamii ile ile. Sheha aliziita familia hizo, na mazungumzo yakachukua jioni tatu. Tulikubaliana kwamba paa lifunike nusu ya sakafu iliyo karibu na jengo, nusu ya pili ibaki wazi daima, na kwamba tangu wachumaji watakapoanza kupanda mikarafuu hadi mzigo wa mwisho utakapoanuliwa, msumeno na msasa visiwashwe pale kabisa. Mvua ikija ghafla, wenye karafuu wana haki ya kuzihamishia chini ya paa.

Mkataba huo uliizalia karakana kazi ambayo hatukuifikiria. Kwa kuwa useremala husimama wakati wa msimu, majuma yanayotangulia msimu yamekuwa ya shughuli nyingi kuliko yote: ngazi za kupandia hukaguliwa na kufungwa upya, ngoe za kuvutia matawi huchongwa, mizani hurekebishwa. Kila mtu wa Pemba anajua mtu aliyeanguka mkarafuu. Ngazi iliyokaguliwa na fundi haiondoi hatari hiyo, lakini inapunguza sababu moja, na kwangu mimi hiyo ni huduma ya maktaba sawa na kuazimisha kitabu.

Neno kuazimisha nalitumia kwa makusudi. Maktaba inayo elimu moja ambayo karakana nyingi hazina, nayo ni kumpa mtu mali ya umma aende nayo kwake na kuhakikisha inarudi. Maktaba ya umma ya Berkeley, California, imekuwa ikiazimisha zana za kazi tangu mwaka 1979, kwa utaratibu ule ule wa kuazimisha vitabu. Tulipoona hilo tukamwomba Maalim aliyekuwa akilalamikia kelele awe ndiye msimamizi wa daftari la zana, naye akakubali. Sasa keekee, pimamaji, jiliwa na randa vina namba zake, vinatoka kwa jina na tarehe, na anayechelewesha hukumbushwa kupitia jirani yake. Hakuna kilichobadilisha uhusiano wa pande mbili zile kuliko daftari hilo, kwa sababu vijana sasa wanapita mezani kwa Maalim kila siku.

Suala la ufunguo linafuatana na hilo. Mwanzoni ulishikwa na kijana mmoja aliyekuwa mwerevu kuliko wote katika mashine, na alipokwenda Unguja kusoma karakana ilifungwa kwa miezi miwili, si kwa ubaya wake bali kwa uzembe wetu. Hivi sasa ufunguo unakaa kwenye meza ya maktaba, na mtu yeyote aliyehudhuria mafunzo ya usalama akaandikwa katika orodha anaweza kuuchukua. Wanawake wanne wa kikundi cha ukili wamo katika orodha hiyo, na wawili kati yao wanafundisha wengine kufunga nyaya za taa za jua, jambo ambalo halikumshangaza yeyote anayejua kwamba kule Kinyasini, Unguja, akina mama wa vijijini walifundishwa ufundi wa umeme wa jua na chuo cha Barefoot bila kudaiwa vyeti vya skuli.

Kuhusu fedha nitasema machache. Tamko la IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, na UNESCO juu ya maktaba za umma, ambalo toleo lake jipya ni la mwaka 2022, linasisitiza kwamba huduma ya maktaba ya umma kimsingi iwe bure, na kamati imelishikilia hilo: kuingia hakulipiwi, na anayetumia ubao, uzi au plastiki hulipia kile alichokitumia. Karakana ina mita yake ya Tukuza, mbali na ya chumba cha kusomea. Lililobaki bila ufumbuzi ni posho ya wasimamizi. Maalim anajitolea, lakini umri wake ni mkubwa, na sioni haki kuijenga huduma ya kila siku juu ya mgongo wa mtu mmoja kwa sababu tu ni mwema. Tumepeleka maombi ili jengo litambuliwe kama kituo kinachopata msaada wa vitabu na wa kitaalamu kutoka huduma ya maktaba ya serikali, na tunasubiri majibu.

Kuna jambo la mwisho ambalo linatuhangaisha kwa sasa. Paa jipya la sakafu limeegeshwa kwenye ukuta wa ghala, na katika vuli iliyopita tuliona kwamba maji yake hayaendi yote kwenye mteremko. Sehemu yanarudi na kudondokea chini ya ukuta wa tumbawe, pale pale tulipobandua saruji. Fundi wa chokaa ameshapita akagusa ukuta kwa kiganja na kututaka tufunge mifereji ya bati kabla ya masika. Vipimo vimechukuliwa, mifereji inakunjwa na vijana wa karakana wenyewe, na maji yatapelekwa kwenye tangi litakalokaa pembe ya kusini, mbali na msingi.